Mshipi Ndio Chubwi: Kuoanisha Mshipi na Fimbo Katika Mto Tana

Karibu na daraja la Garsen, mvuvi wa Kipokomo anayetafuta kambare kwa mshipi hahitaji vitu vingi. Ana nailoni iliyozungushwa kwenye kipande cha ubao, ndoana, chambo na chubwi la risasi. Analizungusha chubwi mara mbili tatu, analiachia, nalo linauvuta uzi hadi kwenye kina. Uzi wenyewe hauna uzito wa kuhesabika. Kazi yake ni kufuata. Bila chubwi, mshipi huanguka miguuni pa mwenye kuurusha.

Mvuvi huyohuyo akipewa fimbo ya kuvulia kwa chambo cha manyoya, kile ambacho wapenzi wa mchezo huo hukiita nzi, atakuta mambo yamegeuzwa. Chambo ni manyoya machache yaliyofungwa kwa uzi kwenye ndoana, mepesi kiasi kwamba upepo wa jioni unatosha kuyapeperusha. Risasi hakuna. Kinachorushwa ni mshipi: mnene, uliopakwa plastiki, mzito wa kutosha kuikunja fimbo ukiwa hewani. Fimbo ikijinyoosha huusukuma mbele, na chambo hufuata nyuma kama mkia wa tiara. Kwa hiyo swali la kwanza la uvuvi huu haliulizi samaki ana kilo ngapi. Linauliza mshipi una gramu ngapi, na fimbo imetengenezwa kukunjwa na gramu ngapi.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hununua fimbo nzuri Nairobi au huletewa na jamaa aliye ng'ambo, kisha huifunga mshipi wowote uliopatikana. Anakwenda mtoni, anarusha asubuhi nzima, mshipi unamwangukia begani, naye anarudi nyumbani akisema mkono wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Mara nyingi mkono hauna kosa.

Namba iliyo juu ya kishikio

Kila fimbo ya aina hii imeandikwa namba karibu na kishikio, kwa kawaida kati ya 3 na 12. Namba hiyo haisemi fimbo inaweza kuinua mzigo gani. Inataja mshipi unaoifaa, basi.

Zamani mishipi ilifumwa kwa hariri, na ilitofautishwa kwa herufi zilizotaja unene wake. Ilipokuja nailoni na plastiki, herufi zikapoteza maana, kwa sababu mishipi miwili yenye unene sawa ingeweza kuachana sana kwa uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani, AFTMA, kikaweka kipimo kipya: upimwe uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi, yaani mita 9.14, bila kuhesabu kile kincha chembamba kilicho mwanzoni kabisa. Uzito huo ndio unaopewa namba.

Kwa gramu, kipimo kinakwenda hivi: namba 3 ni 6.5, namba 4 ni 7.8, namba 5 ni 9.1, namba 6 ni 10.4, namba 7 ni 12, namba 8 ni 13.6, namba 9 ni 15.6, namba 10 ni 18.1, na namba 12 ni 24.6. Tofauti ya hadi karibu nusu gramu inaruhusiwa katika namba za katikati. Anayetazama vizuri ataona kwamba hatua hazilingani. Kutoka 4 kwenda 5 ni gramu 1.3, lakini kutoka 9 kwenda 10 ni gramu 2.5. Kukosea namba moja kwenye fimbo kubwa ni kosa kubwa zaidi kuliko kukosea namba moja kwenye fimbo ndogo.

Wanaotoka kwenye uvuvi wa kawaida wajihadhari na jambo moja. Kwenye ndoana ndogondogo namba huenda kinyume: ndoana namba 14 ni ndogo kuliko namba 6. Kwenye mshipi, namba ikipanda na uzito unapanda.

Kasha la mshipi lina herufi pia. WF8F, kwa mfano, ni mshipi ambao uzito wake umekusanywa sehemu ya mbele, wa namba 8, unaoelea. DT5F ni mshipi ulio mnene katikati na kupungua ncha zote mbili, namba 5, unaoelea; ncha moja ikichakaa mshipi hugeuzwa na kutumika upande wa pili. Herufi S mwishoni ina maana kwamba mshipi unazama. Kwa anayeanza, WF ndiyo rahisi kurusha.

Mto mmoja, namba nne

Tana ni mwalimu mzuri wa somo hili kwa sababu mto huohuo hudai mishipi tofauti kadiri unavyoteremka.

Maji yake mengi hutoka Aberdare na Mlima Kenya. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Scotland, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, ambao maji yake huishia Tana. Kule juu maji ni baridi na maangavu, mto ni mwembamba, miti imeinamia pande zote mbili. Trauti huona vizuri na hushtuka upesi. Chambo ni kidogo, umbali wa kurusha ni mita saba au nane, na mshipi mzito ukianguka juu ya kidimbwi huwafukuza samaki wote. Fimbo ya namba 4 au 5 inatosha kabisa.

Maji hayohayo hupita kwenye mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakazunguka Garissa na Hola, yakafika Garsen yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Hapa mto umetulia, umebeba udongo, na jua ni kali. Samaki wa kutafutwa ni kambare. Macho yake madogo hayamsaidii sana kwenye tope. Anawinda kwa sharubu, kwa harufu na kwa kuhisi mtikisiko wa maji. Chambo chake lazima kiwe kikubwa, cheusi au cha zambarau iliyoiva, chenye kusukuma maji kinapovutwa polepole karibu na sakafu. Wavuvi wa kusini mwa Afrika, hasa kwenye delta ya Okavango, wamemvua kambare wa aina hiyohiyo kwa chambo cha manyoya kwa miaka mingi, na wengi wao hushika fimbo za namba 8 na 9.

Sababu ya namba kubwa si nguvu za kambare peke yake. Chambo kinachompendeza mara nyingi hufungwa kwa ukanda wa ngozi ya sungura pamoja na manyoya yake, na ngozi hiyo hunywa maji. Kikitoka majini ni kizito kama kitambaa kilicholoa. Mshipi wa namba 5, wenye gramu 9 tu hewani, hauwezi kukibeba. Kitazama katikati ya mrusho na pengine kimpige mvuvi kisogoni. Gramu 13.6 za namba 8 zinakibeba bila ugomvi. Ndiyo maana mafundi husema chambo huchagua mshipi, na mshipi huchagua fimbo. Wengi hununua kwa mpangilio wa kinyume.

Kando ya mto kuna maziwa yanayolishwa na mafuriko, kama Shakababo, ambako maji yakitulia tope hushuka na perege huonekana wakizunguka kwenye vina vifupi. Kwa perege chambo ni kidogo na samaki mwenyewe ni mwoga. Namba 5 inarudi kazini.

Kisha kuna Kipini, mto unapokutana na Bahari Hindi katika Ghuba ya Ungwana. Hapa hali hubadilika kabisa. Kolekole huwafukuza samaki wadogo kwenye mkondo, mzia hukata nailoni kwa meno, na upepo hauombi ruhusa. Wakati wa kusi bahari huchafuka na kurusha kuelekea upepo ni kazi ya kuchosha. Miezi ya kaskazi, na hasa kipindi cha utulivu kati ya pepo hizo mbili, ndiyo yenye afueni. Hata hapo namba 9 ndiyo ya chini inayofaa, na namba 10 ni bora. Mshipi mzito hupasua upepo na kubeba chambo cha ndoana kubwa, na fimbo ina uti wa mgongo wa kumzuia samaki asifike kwenye mizizi ya mikoko. Anayemtafuta mzia aweke kipande kifupi cha waya kabla ya chambo.

Mizani ya sonara

Mishipi mingi inayofika kwa wavuvi wa pwani haina kasha. Imeachwa na mgeni, imetoka kwenye mtumba wa vifaa, au imekaa kwenye rili kwa miaka hadi hakuna anayekumbuka namba yake. Dawa ni rahisi, na inapatikana Malindi au Lamu: mizani ya sonara. Duka linalopima pete ya dhahabu kwa gramu na sehemu zake linaweza kupima mshipi pia.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Mshipi huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa, maana uchafu na unyevu vina uzito. Hunyooshwa sakafuni, kile kincha cha mwanzo ambacho unene wake haubadiliki huachwa nje ya hesabu (kwa kawaida ni sentimita 15 hadi 30), kisha hupimwa mita 9.14 na kutiwa alama ya kalamu isiyofutika. Sehemu hiyo iliyotiwa alama huviringwa na kuwekwa juu ya mizani, na sehemu iliyobaki hushikwa mkononi pembeni bila kuvuta. Mizani ikisoma gramu 13.5, huo ni mshipi wa namba 8, hata kama aliyeuuza aliapa kuwa ni wa 6.

Kipimo hiki kinafaa hata kwa mishipi mipya. Watengenezaji wengi wa siku hizi huuza mishipi iliyozidi namba yake kwa nusu hatua au hatua nzima, kwa kuwa fimbo za sasa ni ngumu na mshipi mzito humsaidia anayeanza kuhisi fimbo ikijikunja. Kasha linaweza kusema 5 ilhali ndani mna gramu 10. Hiyo si hila ikiwa gramu zimeandikwa, na makasha mazuri huziandika. Mnunuzi asome gramu kabla ya namba.

Baada ya mizani huja uwanja. Jioni, kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi, ndoana huondolewa na kipande cha uzi mwekundu hufungwa mahali pake. Mita 9 za mshipi hutolewa nje ya ncha ya fimbo, kisha hurushwa nyuma na mbele. Mshipi ukiwa mwepesi mno, fimbo hubaki ngumu kama mpini wa jembe: mvuvi hulazimisha kwa bega, na mshipi huanguka mbele yake ukiwa rundo. Ukiwa mzito mno, fimbo hujikunja hadi karibu na kishikio, huchelewa kujinyoosha, mshipi hugusa nyasi nyuma, na ncha hutetemeka baada ya kila mrusho. Ukiwa sawa, mkono husikia uzito ukifika nyuma na kusubiri, halafu mshipi huondoka mbele karibu wenyewe.

Pale kanuni inapolegea

Namba iliyo kwenye fimbo huchukulia kwamba mvuvi atakuwa na mita 9 za mshipi hewani. Ndani ya mtumbwi uliojibanza chini ya miti ya ukingoni, hana nafasi hiyo. Hewani ana mita 5 tu. Mshipi wa namba 8 una wastani wa gramu 1.5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 5 ni kama gramu 7.5, au pungufu kidogo kwa kuwa ncha ni nyembamba. Kwa fimbo ya namba 8 huo ni mzigo wa namba 4, na fimbo haiamki. Mvuvi wa aina hii atafaidika kwa kuweka mshipi wa namba 9 juu ya fimbo yake ya 8, au hata 10 kama kila mrusho ni mfupi.

Kinyume chake kipo pia. Mrushaji hodari anayeweka mita 14 za mshipi wa DT hewani anaongeza uzito kwa kila mita anayotoa. Kwenye namba 5, mita hizo 14 hufika gramu 14, uzito wa namba 8. Huyo anaweza kushuka namba moja bila hasara. Hapo ndipo palipotoka fimbo za zamani zilizoandikwa 5/6: kwa desturi namba ndogo ilikuwa ya mshipi wa DT na kubwa ya WF. Haikuwa na maana kwamba fimbo haina msimamo.

Kuongeza zaidi ya hatua mbili si ushauri wa kufuata. Fimbo haitavunjika papo hapo, ila itarusha vibaya na kuchakaa mapema.

Joto, mamba na maji ya mafuriko

Gramu zikishalingana, linabaki suala ambalo mizani haioni. Mishipi iliyotengenezwa kwa ajili ya maji baridi ya trauti hulainika kwenye jua la Garsen. Hunata kwenye vidole na kwenye pete za fimbo, na umbali wa kurusha hupungua ingawa namba ni sahihi. Ipo mishipi ya nchi za joto, yenye kiini kigumu, na hiyo ndiyo ya Tana ya chini na ya bahari. Lakini asije mtu akaipeleka Gura asubuhi ya Julai: kwenye baridi hujiviringa kama waya wa chemchemi. Anayevua juu na chini ya mto mmoja anahitaji mishipi miwili.

Tana ya chini ina mamba na viboko. Picha za magazeti ya Ulaya zinazoonyesha mvuvi amesimama majini hadi kiunoni hazihusiani na Garsen. Mvuvi hasimami kwenye maji wala kwenye ukingo ulio sawa na maji. Huchagua ukingo mrefu, hurudi nyuma hatua kadhaa, na huenda na mwenyeji anayejua mahali mamba anapootea jua. Tahadhari hiyo inagusa mshipi pia: aliyesimama mita nne kutoka majini ameshapoteza mita nne za umbali, na anahitaji mshipi unaoenda mbali bila kurushwa mara nyingi. Ni sababu nyingine ya kupendelea WF ya namba 8 hapa, na fimbo ndefu ya mita 2.7, ili mrusho wa nyuma upite juu ya vichaka.

Wakati nao una maneno yake. Mto hujaa baada ya mvua za masika na tena baada ya vuli, na kuna miaka hufurika kupita kiasi, kama mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024, barabara na vijiji vilipozama. Mto ukiwa umejaa hivyo hakuna mshipi unaosaidia. Wiki kadhaa baadaye, maji yakirudi kwenye njia yake na maziwa kubaki yamejaa, ndipo kambare na perege hupatikana. Kabla ya kurusha, mgeni aone uongozi wa BMU, yaani kamati ya wavuvi wa eneo, na awe na leseni. Maziwa haya ni kitoweo cha watu. Wapokomo wamekuwa na taratibu za kuyavua tangu kale, na delta nzima imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia tangu 2012.

Anayeanza anunue nini

Kwa mwenye bajeti ya fimbo moja tu, akiwa anakaa kati ya Garsen na Kipini, jibu ni namba 8 ya urefu wa mita 2.7, inayofunguka vipande vinne ili iingie kwenye basi la Lamu bila kuvunjika. Mshipi uwe WF8F wa nchi za joto, wenye gramu kati ya 13.5 na 15. Rili iwe na breki inayostahimili chumvi, na nyuma ya mshipi pawe na uzi mwembamba wa akiba usiopungua mita 150, kwa siku ambayo kolekole ataamua kurudi baharini. Nailoni ya mwisho kabla ya chambo iwe na nguvu ya kilo 8 hadi 10. Kwa namba hiyo moja atavua kambare mtoni bila kulemewa, na siku ya upepo mdogo ataweza kujaribu Kipini, ingawa huko namba 9 ndiyo inayofaa.

Fimbo ya pili, uwezo ukipatikana, iwe namba 5: kwa perege wa maziwani, na kwa safari ya Nyeri kwenye trauti wa Gura. Namba 6 na 7 zinaweza kusubiri, kwa kuwa ziko karibu mno na zile mbili.

Jioni baada ya Kipini, mshipi wote huvutwa kutoka kwenye rili na kuingizwa kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, halafu hufutwa kwa kitambaa laini na kuanikwa kivulini. Kabla ya kuurudisha, kalamu isiyofutika huandika ndani ya rili namba, gramu na mwaka: WF8F, 13.6, 2025. Atakayeirithi rili hiyo hatahitaji kwenda kwa sonara.